Maswali ya Wasomaji: Mimea ya Ndani na Madirisha ya Nairobi

Barua za mwezi huu nyingi zinauliza jambo moja kwa sura tofauti: mmea ulikuwa mzuri kitaluni, umefika nyumbani ukaharibika. Tumejibu zile ambazo majibu yake yatamfaa na mwingine.

Nimehamia fleti ya vyumba viwili Roysambu, ghorofa ya tatu. Nilinunua mimea mitano kwa mpigo, minne nikaipanga sebuleni kwenye ukuta unaotazamana na dirisha, mmoja nikauweka dirishani. Miezi miwili sasa: mmoja umerefuka na kukonda, miwili inapukutisha majani, na ule wa dirishani umeungua. Nakosea wapi?

Ulianza na mmea, ilhali wa kuanza naye ni dirisha. Toka kwenye balkoni asubuhi uone jua linachomoza upande gani, halafu ujue kila dirisha lako linatazama wapi.

Nairobi iko kusini kidogo tu ya ikweta, kwa hiyo jua la mchana hubadilisha upande. Tangu katikati ya Machi hadi karibu mwisho wa Septemba hupitia kaskazini; miezi iliyobaki hupitia kusini. Ule ushauri kwamba dirisha la kusini ndilo lenye mwanga mwaka mzima umeandikiwa watu wa Ulaya na Marekani, uachie hukohuko. Hapa kwetu dirisha la kaskazini hupata zamu yake Juni na Julai, miezi ya mawingu na baridi, basi jua lenyewe huwa hafifu. La kusini hupata zamu yake Desemba hadi Februari, anga ikiwa wazi na jua likiwa kali. Ndiyo maana mmea uliokaa salama kwenye dirisha la kusini Julai yote unaweza kuungua Januari bila mtu kuusogeza hata kidogo.

Dirisha la mashariki ndilo rahisi kuliko yote: jua la asubuhi hadi kama saa nne, kisha mwanga mtulivu. Monstera, pothosi, aglaonema, saintpaulia, zote zitakushukuru. La magharibi lina jua la kuanzia saa tisa, na kioo kinapata joto. Hapo weka sansevieria, shubiri na kakti, au sogeza mimea mingine mita moja nyuma ya pazia jepesi.

Sasa umbali. Jua la saa sita hapa huwa juu sana kiasi kwamba dirisha la kimo cha mita moja haliliruhusu kuingia ndani zaidi ya nusu mita hivi, hata katika msimu wake. Ukuta wa upande wa pili wa sebule unaupata mwanga wa mabaki tu. Jicho halitakuambia hivyo kwa sababu linajirekebisha, kwa hiyo tumia kivuli. Saa sita mchana, taa zikiwa zimezimwa, weka karatasi nyeupe pale unapotaka mmea ukae na uinue kiganja sentimita 30 juu yake. Kivuli chenye kingo kali ni mwanga mwingi. Kivuli chenye ukungu, lakini vidole vinahesabika, ni mwanga wa kati, na mimea mingi ya majani inaridhika nao. Usipoona kivuli, hapo panafaa picha ya ukutani.

Hukutaja majina ya mimea, lakini dalili zinatosha. Uliokonda unatafuta mwanga: usogeze hadi mita moja kutoka dirishani, ukate ncha juu kidogo ya kifundo (pale jani linapotokea kwenye shina) ili utoe matawi, na uzungushe chungu robo mzunguko kila wiki. Inayopukutisha huenda ni fikasi, ambao huangusha majani kila unapohamishwa. Kosa la pili ambalo wengi hufanya ni kuuhamisha tena. Uchagulie mahali pa kudumu penye mwanga, uuache wiki sita, na umwagilie kwa kiasi kwa sababu majani machache hunywa maji machache. Mabaka makavu ya yule aliyeungua hayatapona. Kata jani ambalo zaidi ya nusu yake imekufa, mengine yaache yaendelee kuulisha mmea.

Nilinunua sansevieria kwenye kitalu cha kando ya Ngong Road. Nikaitumbukiza na karatasi yake nyeusi ya plastiki kwenye chungu kizuri cha kauri, nikawa naimwagilia kila Jumapili. Majani sasa yanang'oka nikiyashika, na chini yanateleza na kunuka. Si wanasema huu mmea haufi?

Haufi kwa kiu. Maji ndiyo huuua, na hapa yamepata washirika watatu.

Wa kwanza ni chungu kisicho na tundu. Wa pili ni ile Jumapili: sansevieria ndani ya nyumba ya Nairobi inataka maji kila baada ya wiki mbili au tatu wakati wa joto, na mara moja kwa mwezi, au hata pungufu, kati ya Juni na Agosti. Wa tatu ni udongo. Vitalu vingi hupandia kwenye udongo mwekundu mtupu. Shambani udongo huo ni mzuri ajabu, kwa kuwa una kina cha kupitishia maji na minyoo ya kuufungua. Ndani ya karatasi ya sentimita 15 hushikana, hewa ikatoka, mizizi ikakosa kupumua na ikaoza. Udongo mweusi wa mfinyanzi wa kina Embakasi na Syokimau ni mbaya zaidi. Ukikauka hujikunja na kuachana na ukuta wa chungu, kisha maji unayomwaga yanateleza pembeni na kutoka chini huku katikati pakiwa pakavu kabisa.

Kuokoa: toa mmea wote, osha mizizi, kata kwa kisu kilichofutwa kwa spiriti kila kilicho laini, cha rangi ya kahawia au chenye harufu, hadi ufikie nyama nyeupe na ngumu. Uache kivulini siku tatu jeraha likauke. Panda kwenye udongo mpya ulio mkavu, kisha ngoja wiki nzima kabla ya maji ya kwanza.

Mchanganyiko wenyewe, ukipima kwa gorogoro: mbili za udongo mwekundu wa juu uliochekechwa, moja ya samadi ya ng'ombe iliyooza kabisa (haina harufu wala joto ukiingiza mkono), na mbili za pumisi au mchanga mzito wa mto. Pumisi ni yale mawe mepesi ya volkano yanayochimbwa upande wa Longonot na Naivasha. Chagua punje za ukubwa wa maharagwe. Vumbi la mawe la mafundi wa plasta halifai, huziba. Kwa pothosi, monstera na aglaonema, badilisha gorogoro moja ya pumisi kwa kokopiti, yaani unga wa makumbi ya nazi. Na usihangaike kutandika kokoto chini ya chungu. Maji hayashuki kutoka udongo laini kuingia kwenye kokoto mpaka udongo wa juu yake ushibe, kwa hiyo unachofanya ni kulipandisha tope karibu na mizizi.

Chungu chako cha kauri bado kina kazi. Panda kwenye chungu cha plastiki chenye matundu, kisha ukiingize ndani ya kile cha kauri. Siku ya maji, kitoe, mwagilia kwenye sinki, kiache dakika 20 kichuruzike, ndipo ukirudishe.

Jani zima lililobaki linaweza kuzaa mmea. Likate vipande vya sentimita 8 hadi 10, weka alama upande wa chini maana ukikipindua kipande hakitoi mizizi, viache siku tatu vikauke, kisha vichomeke sentimita 3 ardhini. Mizizi huchukua wiki kadhaa, chipukizi miezi. Kama yako ni ile yenye ukingo wa manjano, watoto wa jani watakuwa kijani kitupu; ukitaka manjano ibaki, gawanya shina la chini ya udongo.

Mbona ncha za drasena na za ule mmea wa majani membamba yenye mstari mweupe zinakauka kahawia? Namwagilia vizuri, mwanga upo, wadudu hakuna. Niko Donholm, tunatumia maji ya kisima cha jengo.

Kisima ndicho kinachoshukiwa. Maji ya visima virefu ya Nairobi mara nyingi yana floridi nyingi inayotoka kwenye miamba ya volkano, ileile inayotia meno ya watoto rangi ya kahawia. Mmea huivuta pamoja na maji. Maji yanatoka jani kama mvuke, floridi inabaki, na inarundikana mwisho wa safari, yaani kwenye ncha. Drasena na klorofitamu, huo wa mstari mweupe, ndiyo wepesi kuathirika. Hata maji yaliyo chini ya kiwango cha Shirika la Afya Duniani cha miligramu 1.5 kwa lita, salama kwa kunywa, yanaweza kuzichoma.

Kuyaacha maji kwenye ndoo usiku kucha huondoa klorini peke yake. Kuyachemsha huongeza ukali, kwa kuwa maji hupungua na floridi haiendi popote. Kinga maji ya mvua, ukiacha mvua ya dakika za kwanza ioshe vumbi la paa. Mvua zisipokuwepo, nunua mtungi wa maji yaliyochujwa kwa osmosisi, uchujaji unaoondoa hata floridi, kwenye maduka ya kujazia. Lita 5 zinatosha mimea miwili mitatu kwa wiki kadhaa. Maji ya mfereji kutoka bwawa la Ndakaini nayo ni afadhali mbali, kama jirani anayo.

Kabla ya kubadilisha maji, suuza udongo mara moja: mimina taratibu maji safi mara mbili ya ujazo wa chungu na uyaache yatoke yote. Epuka mbolea za supafosfeti, zina floridi zake. Udongo mwekundu huwa na asidi, na asidi hufungulia floridi mlango. Kijiko kimoja cha chai cha chokaa ya kilimo kwa kila lita 5 za udongo hupunguza. Ncha zilizokauka zikate kwa mkasi kufuata umbo la jani, ukiacha uzi mwembamba wa kahawia. Ukikata hadi kwenye kijani unafungua jeraha jipya, na litakauka vilevile.

Au badilisha mimea. Pothosi, monstera na fikasi haziathiriki kirahisi hivyo.

Naishi bedsita Pipeline. Dirisha langu linatazama ukuta wa jengo la jirani, hatua tatu hivi. Mchana nawasha taa. Kuna mmea wa kunifaa?

Jaribu kile kivuli cha kiganja dirishani kwenyewe. Ukiona chochote, nunua ZZ mmoja, yaani zamiokulkasi, uuweke kwenye kizingiti cha dirisha. Huo ni mwenyeji wetu, huota wenyewe hata pwani ya Kenya, na chini ya udongo una viazi vya kuhifadhi maji. Mwagilia mara moja kwa mwezi. Hautakua sana, lakini utabaki unang'aa kwa muda mrefu.

Usipoona kivuli, mmea wowote utaishi kwa akiba yake miezi michache kisha ufe, hata muuzaji aseme nini. Hapo kuna taa. LED nyeupe ya wati 20, ile iliyoandikwa 6500K, ining'inie sentimita 30 juu ya mimea na iwake kwa muda wa saa 12 kila siku. Hiyo ni uniti 0.24 kwa siku, kama uniti 7 kwa mwezi. Zidisha kwa bei ya tokeni zako uone kama moyo unakubali. Chini ya taa moja ya namna hiyo utakuza pothosi mbili na aglaonema, na rafu itapendeza kuliko ukiitawanya chumbani. Maua ya plastiki nayo si dhambi, ila yafutwe vumbi.

Je, ni kweli mimea husafisha hewa ya chumba? Nataka kuweka mitatu chumbani kwa sababu hiyo.

Weka kwa sababu inapendeza. Madai hayo yalitokana na utafiti wa NASA wa 1989 uliofanywa ndani ya masanduku yaliyofungwa, na nyumba si sanduku. Uchambuzi uliochapishwa 2019 ulikokotoa kwamba ungehitaji kati ya mimea 10 na 1,000 kwa kila mita ya mraba ili kufikia kazi inayofanywa na hewa inayopita kawaida kwenye jengo. Fungua dirisha.

Sebule yangu ya Buruburu ina sofa za kahawia, ukuta wa maziwa na vitambaa vya kufuma kila mahali. Nina mimea midogo tisa na bado chumba kinaonekana kama duka. Pia nina mtoto wa mwaka mmoja na nusu anayetambaa na kuonja kila kitu.

Mama, tuanze na mtoto, maana ndiye atakayeamua mpangilio. Difenbakia iondoke leo: utomvu wake una fuwele kama sindano za kalsiamu oksaleti, na jani likitafunwa ulimi huvimba na kuwaka, hata koo. Monstera, pothosi, aglaonema, ZZ na ule wa ua jeupe kama kijiko zina fuwele hizohizo kwa ukali tofauti, kwa hiyo zipande juu ya mita moja na nusu au zisubiri. Mnyaa na jamaa zake wote wenye maziwa meupe ni hatari kwa macho. Hao wasiingie kabisa. Vya kukaa chini bila wasiwasi ni klorofitamu, mitende midogo ya ndani na saintpaulia. Akitafuna kile cha fuwele, mfute mdomo, mpe maji baridi au maziwa, na umpeleke hospitali mara moja ukiona uvimbe au shida ya kumeza au kupumua.

Kuhusu duka: mimea tisa midogo iliyotawanyika humchosha mtazamaji. Nunua mmoja mkubwa, wa mita 1.2 hadi 1.5, uweke kwenye kona iliyo karibu na dirisha, nyuma ya mkono wa sofa. Mtende wa ndani utakufaa. Kati ya ile tisa chagua mitatu yenye vimo tofauti na maumbo tofauti ya majani, uiweke pamoja kwenye rafu moja, mrefu nyuma na unaotambaa ukingoni. Sita iliyobaki igawe vyumba vingine au majirani.

Vitambaa vyako tayari vina nakshi za kutosha. Ukiongeza majani ya madoadoa na michirizi, macho hayatapata pa kupumzikia. Chagua majani ya kijani kitupu, yaliyokolea. Ukuta wa maziwa utayaonyesha vizuri. Mmea mkubwa uvishe kiondo. Kwa chungu cha mdomo wa sentimita 25 tafuta kiondo cha kama sentimita 30, na ndani weka kisahani kipana cha plastiki, kwa sababu mkonge ukiloa huoza na kuota ukungu kabla hujajua. Usiweke chochote chenye maji juu ya runinga au spika.

Ukitaka kuning'iniza, kumbuka kwamba chungu cha sentimita 20 kilichotoka kumwagiliwa kinaweza kufika kilo 5 au 6. Fimbo ya pazia haibebi hiyo. Mwite fundi atoboe zege na kutia ndoano, baada ya kuzungumza na mwenye nyumba.

Kwenye makutano ya majani na shina kuna kitu cheupe kama pamba, na majani yananata. Nimepulizia dawa ya mbu, hakuna kitu.

Hao ni vidung'ata. Pamba unayoiona ni nta inayowakinga, ndiyo maana dawa ya kupulizia hewani huwapita, na inaweza kuunguza majani. Utenge mmea huo na mingine leo. Chovya kijiti cha pamba kwenye spiriti ya kusafishia vidonda na umguse mmoja mmoja. Akibadilika kuwa kahawia amekufa. Usisahau chini ya majani, ndani ya mikunjo, na chini ya mdomo wa chungu ambako hutaga.

Siku inayofuata pulizia lita moja ya maji vuguvugu yenye mililita 5 za mafuta ya mwarobaini na matone machache ya sabuni ya kuoshea vyombo. Bila sabuni mafuta yataelea juu. Jaribu kwanza kwenye jani moja, ngoja siku moja, kisha pulizia mmea wote jioni, kamwe si juani. Rudia kila siku 7 mara nne. Hapa ndipo wengi huachia: dawa huwakosa walio kwenye mayai, ukisimama baada ya mara ya pili wanaanguliwa na unaanza upya. Kisha punguza mbolea. Vidung'ata hupenda mmea ulioshibishwa naitrojeni. Kijiko kimoja cha chai cha NPK 17:17:17 kwa lita 5 za maji, mara moja kwa mwezi, kinatosha. Loweka usiku mmoja na utumie maji ya juu, mashapo yaache.

Pothosi zangu ziko kwenye chupa za maji dirishani. Zimeota mizizi mirefu, lakini naona vijidudu vinacheza majini.

Viluwiluwi vya mbu. Kutoka yai hadi mbu anayeruka ni kama siku 7 hadi 10, kwa hiyo mwaga maji yote kila siku ya tano, sugua ndani ya chupa maana mayai hugandia ukutani, na suuza mizizi. Ziba mdomo wa chupa kwa pamba ukiizungushia shina. Hata hivyo mizizi ikifika sentimita 5 ndiyo wakati wa kuhamia kwenye udongo; ikirefuka sana majini huizoea hali hiyo na hupata taabu kuanza kazi udongoni. Ukihamisha sasa, weka udongo unyevu kwa wiki mbili za kwanza, ndipo uanze kuuachia ukauke juu kati ya maji na maji.